Mgonjwa mmoja, vipimo viwili vya bandiko, majibu hayalingani: tufuate kipi?

TabibuMkomani

Assalaam aleykum, na habari za kazi wenzangu.

Swali langu ni la kipimo cha bandiko cha mzio wa mguso, yaani kubandika vitu mgongoni kwa siku mbili ili kuona ngozi inakataa kipi. Mgonjwa ni mama wa miaka 34, mpambaji wa maharusi hapa Lamu: hina, piko (rangi nyeusi ya unga), kusuka, kutia nywele rangi. Ana ukurutu wa vidole na viganja kwa miezi minane, na kope humvimba kila baada ya kazi ya harusi. Piko iliwahi kumtoa malengelenge kwenye kigasha.

Amepimwa mara mbili, vituo viwili mbalimbali. Cha kwanza, mwezi wa Machi, kilitumia mabandiko yaliyojazwa kiwandani. Yalibanduliwa baada ya saa 48 na kusomwa palepale, basi. Jibu: nikeli ya shaka, mengine yote hakuna kitu. Cha pili, mwezi wa Juni, kilitumia vikombe vya alumini vya milimita 8 vilivyojazwa kwa mkono, vikasomwa siku ya 2 na siku ya 4. Jibu: PPD (kemikali ya piko na rangi za nywele) ++, yaani jibu kali, kisha +, yaani jibu dhaifu, kwa thiuramu, formaldehidi, mchanganyiko wa manukato I, kobalti, kromati, nikeli, lanolini na kihifadhi cha MCI/MI. Jumla tisa!

Kwa jibu la kwanza mama huyu hana mzio na chochote. Kwa la pili hana anachoweza kugusa. Ni kitu gani katika namna ya kupima kinacholeta tofauti kubwa hivi, na nimwambie aache nini? La mwisho: wagonjwa wetu wa Pate na Kizingitini hawawezi kupanda boti mara tatu katika wiki moja. Ratiba gani itawafaa bila kuharibu kipimo?

NgoziNaMzio_Malindi

Wa aleykum salaam, daktari. Kabla ya kuuliza ngozi ya mama huyu inakataa nini, uliza ilipewa kiasi gani, kwa saa ngapi, na ilisomwa lini. Hayo matatu yakibadilika, mgonjwa yuleyule atatoa majibu mengine.

Nianze na kiasi, maana hapo ndipo vikombe vya kujaza kwa mkono huharibika. Kikombe cha milimita 8 kina eneo la nusu sentimita ya mraba. Kinataka miligramu 20 za dawa ya kupimia iliyochanganywa na vaselini, au mikrolita 15 za maji juu ya karatasi ya chujio. Chukua nikeli salfati ya 5%: miligramu 20 zina miligramu 1 ya nikeli salfati, yaani miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Mjazaji akiweka nusu ya kiasi, dozi ni nusu, na mwenye mzio hafifu atapita bila kuonekana. Akiweka maradufu, vaselini hufurika ukingoni ikalowesha plasta, ukapata duara jekundu kubwa kuliko kikombe na usijue ni mzio au ni ngozi iliyochomwa tu.

Dawa ya maji ndiyo hatari zaidi. Tone la kawaida la kitoneshi ni karibu mikrolita 50, zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa. Formaldehidi ya 2% na MCI/MI ya 0.02% ni za maji zote mbili, na zote mbili huchoma ngozi zikizidi. Hizo zinataka mikropipeti. Kwa vaselini, mjazaji ajipime mwenyewe: weka vikombe kumi mizanini, vijaze, vipime tena. Uzito uongezeke kwa miligramu 200 hivi. Ukikuta 320, mkono ni mzito, arudie mpaka uzoee.

Vikombe vya mraba vya plastiki vina eneo kubwa kidogo, sentimita 0.68 za mraba, navyo hutaka miligramu 25 au mikrolita 20. Kwa hiyo usihamishe kipimo cha kikombe kimoja kwenda kingine. Mabandiko ya kiwandani yana faida yake: dozi imeshapimwa kwa mikrogramu, mjazaji hana la kukosea. Lakini orodha yake imefungwa. T.R.U.E. Test, kwa mfano, ina vitu 35 na kiraka kimoja kitupu cha kulinganishia. Haina MI peke yake, haina akrilati za kucha bandia. Kisichobandikwa hakiwezi kujibu. Tena nikeli yake ni mikrogramu 200 kwa sentimita ya mraba, si 2000 kama ya vaselini. Usiseme basi ni dhaifu mara kumi, kwa sababu ile imo ndani ya jeli inayolowana na jasho na kuachia nikeli kwa wepesi, na vaselini huachia polepole. Namba za mbebaji mmoja (kinachobeba dawa, kama jeli au vaselini) hazisomwi kwa macho ya mwingine.

Sasa muda. Kusoma kwa saa 48 peke yake ni kusoma nusu ya barua. Ngozi ndiyo kwanza imetolewa plasta, imebanwa, imewiva kwa jasho. Ndiyo maana tunangoja angalau dakika 15, na nusu saa ni bora, kabla ya kusoma hata hiyo siku ya 2. Mzio wa mguso ni kazi ya chembe za kinga zinazosafiri, huchukua siku kufika. Somo la siku ya 3 au ya 4 ndilo lenye uzito, na la siku ya 7 hukamata wanaochelewa: neomaisini, steroidi za kupaka, baadhi ya metali. Kusoma mara mbili kuna faida nyingine kubwa, unaona mwendo. Alama ya mzio huelekea kupanda au kubaki kutoka siku ya 2 hadi ya 4. Alama ya kuchomwa hushuka.

Nijibu manne haya, daktari. Mwezi wa Machi alikuwa anakunywa steroidi, au alichomwa sindano yake? Mwezi wa Juni ukurutu ulikuwa umetulia au unawaka? Vikombe vilijazwa lini, na maji yalipimwa kwa nini? Na kila alama ilikuwaje siku ya 2, kisha siku ya 4?

TabibuMkomani

Ahsanta sana. Nimefuatilia.

Machi: alikuwa kwenye prednisoloni miligramu 20 kwa siku kwa ajili ya kope, siku ya sita. Setirizini pia. Juni: hakuwa na steroidi ya kunywa, lakini mikono ilikuwa inachuruzika maji na ukurutu umepanda hadi vigashani. Vikombe vilijazwa jioni ya kabla, vyote, vikalala mezani. Maji yalitiwa kwa chupa ya kitoneshi, tone moja kila kikombe. Kwenye picha naona pete ya unyevu kwenye plasta kuzunguka vikombe viwili vya maji.

Alama: PPD + siku ya 2, ++ na malengelenge siku ya 4. Thiuramu ya shaka siku ya 2, + siku ya 4, imevimba na vipele. Formaldehidi na MCI/MI zote + siku ya 2, siku ya 4 imebaki rangi tu na ngozi kukunjamana. Kobalti ni vidoti vya zambarau. Kromati na lanolini + kisha shaka. Nikeli + siku zote mbili, na hereni humuwasha tangu utotoni. Manukato + zote mbili.

NgoziNaMzio_Malindi

Basi kipimo cha Machi kiweke kando kabisa. Prednisoloni juu ya miligramu 10 kwa siku huweza kuzima jibu. Hapo hapo kikasomwa mara moja, mapema. "Hakuna kitu" ya namna hiyo haimwachii huru mtu yeyote, na iandikwe hivyo kwenye faili lake, isije ikanakiliwa mbele kama ukweli. Setirizini haina neno, dawa hizo hazizimi mzio wa mguso, hakuna haja ya kuziachisha. Sindano ya steroidi ya kukaa mwilini ni jambo jingine: ngoja wiki nne. Steroidi ya kupaka isiguse mgongo kwa siku saba.

Juni nako kuna ngozi iliyochachamaa. Ukurutu ukiwa unawaka mahali pengine mwilini, au bandiko moja likiwa kali sana, mgongo mzima hushuka kizingiti na vitu vinavyochoma kidogo huanza kuonekana kama mzio. Jambo hili, mgongo kuchachamaa ("angry back"), lilipewa jina mwaka 1975 na bado linatupotosha hadi leo. Alama tisa kwenye mgongo wa mtu mwenye mikono inayochuruzika, nyingi zikiwa + dhaifu, ndizo sura yake.

Hivyo nasoma hivi. PPD ni kweli: imepanda, ina malengelenge, na historia ya piko ipo. Nikeli ni kweli. Thiuramu naiamini kwa kuwa imepanda na inashikika. Muulize glavu anazovaa wakati wa kutia rangi, kwa maana thiuramu ni kiharakishi cha mpira. Formaldehidi na MCI/MI: dozi mara tatu, zimeshuka, zimeacha mkunjo. Hizo ni za kuchomwa. Vidoti vya kobalti ni matundu ya jasho yaliyopakwa kobalti, si mzio, ukivipapasa hakuna kilichoinuka. Kromati na lanolini zimeshuka, zirudiwe. Manukato ndiyo yanayonipa shaka ya kweli, kwa sababu vikombe vililala wazi usiku kucha kwenye joto la Lamu, na manukato huvukiza. Dozi ilipungua, bado jibu likaja. Ama mzio wake ni mkubwa, ama ni mgongo kuchachamaa. Rudieni, safari hii vijazwe muda mfupi kabla ya kubandika. Vaselini za metali zinaweza kungoja kidogo. Maji, manukato na akrilati hazingoji.

Ngojeni ukurutu utulie, kama miezi miwili, kisha rudieni yale ya shaka tu, machache, yenye nafasi kati yao. PPD msiibandike tena.

MuuguziWaShela

Naunga mkono, na niongeze upande wa kubandika na kusoma, kwa sababu mwambao wetu una mambo yake.

Mafuta ya nazi kwanza. Mgonjwa aliyejipaka mafuta mgongoni asubuhi, plasta haitashika hata ukiibonyeza kwa kiganja dakika tano. Asipake chochote mgongoni tangu siku iliyotangulia. Pili jua. Nahodha na mvuvi anayefanya kazi kifua wazi ana mgongo uliopigwa jua, na miale hiyo hupunguza jibu. Akae na shati kwa wiki moja hadi nne kabla. Tatu kaskazi: Januari hadi Machi watu hutota jasho, kingo za plasta hunyanyuka, na kikombe kisichoziba hakipimi kitu. Ukiweza kuchagua, wagonjwa wasio wa haraka wapange Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukiwa umetuliza joto. Ukingoni ongeza plasta ya karatasi. Kikombe kilichonyanyuka kiandikwe "hakikupimwa", kisiandikwe "hakuna mzio".

Bandika sehemu ya juu ya mgongo, pande mbili, ukiacha uti wa mgongo sentimita mbili tatu. Bonyeza kuanzia chini kwenda juu ili hewa itoke.

Kuweka alama kwenye ngozi yetu kuna shida yake. Kalamu ya zambarau hufutika kwa jasho, na juu ya ngozi nyeusi haionekani hata kabla ya kufutika. Tumia kalamu ya kung'aa na taa ya Wood (taa ya urujuanimno inayoing'arisha alama hiyo gizani), au bandika vipande vidogo vya plasta kwenye pembe nne. Zaidi ya hayo chora ramani: weka karatasi ya nailoni inayopenya macho juu ya mgongo, piga alama ya kila kikombe, kiungo cha bega na doa lolote la kuzaliwa. Siku ya 7 ukiirudisha juu ya ngozi itakaa palepale.

Na usisomee macho. Vitabu vinasema "wekundu", lakini kwa mgonjwa mweusi wekundu huo ni zambarau, kahawia iliyokoza, au hauonekani kabisa. Zima taa ya juu, leta tochi kutoka ubavuni, sambamba na ngozi, uone vivuli vya vipele. Kisha funga macho ukipenda, pitisha ncha ya kidole polepole kutoka ngozi nzima kuingia katikati ya duara. Panapokuwa na mzio utahisi ukingo, kama kushika sarafu chini ya kitambaa. Pakiwa na weusi usioinuka, hiyo ni rangi iliyobaki, usiipe +. Bi mpambaji asomwe na muuguzi mwanamke, penye pazia, asije akavua nusu kwa haya na nusu ya mgongo ikabaki haijaguswa.

Kuhusu ibada: udhu hauufikii mgongo, hauna tatizo. Aoge vizuri kabla ya kuja kubandikwa, kisha mgongo usilowe hadi somo la mwisho.

TabibuMkomani

Bi Muuguzi, Mola akulipe kheri. Na ratiba ya watu wa visiwani?

MuuguziWaShela

Hapo lugha yenyewe hutuangusha. Siku ya kubandika ni sifuri. Ukimwambia mtu aliyebandikwa Jumatatu "rudi siku ya nne", yeye huhesabu Jumatatu kuwa ya kwanza, akaja Alhamisi. Mwambie mtondogoo, ama zaidi ya hapo mtajie siku na saa: "Bandika Jumatatu saa nne asubuhi. Jumatano saa nne asubuhi dada yako akubandue, asisugue wala asipake kitu. Ijumaa uje, saa mbili, kabla ya watu kwenda msikitini." Hivyo amepanda boti mara mbili, na ukalazimika kusoma mara moja, umesoma siku bora ya kusoma mara moja, siku ya 4. Jumatatu inayofuata nyumbani wampapase na kupiga simu: je, pana uvimbe mpya mahali palipokuwa tambarare Ijumaa? Picha isaidie tu, picha haina kidole. Akisema ndiyo, huyo apande boti.

Anayebandua nyumbani aonyeshwe kabisa jinsi ya kukoza alama kwa kalamu kabla ya kutoa plasta. Akibandua kwanza, alama zimekwenda na plasta.

Mfamasia_Mld

Nimesoma hadi hapa na nataka kuzungumzia piko, na vile vitu ambavyo wagonjwa huja navyo mfukoni wakitaka vibandikwe.

Hina halisi haina PPD na ni nadra kuleta mzio. Hutoa rangi ya chungwa na kahawia, na hutaka saa kadhaa kukolea. Kinachotoka cheusi tititi kwa muda mfupi ni piko, yaani rangi ya nywele ya unga, na ndani yake mna PPD kwa kiasi ambacho mpambaji hakijui. Ulaya rangi ya nywele hairuhusiwi kupita 2% ikifika kichwani, na kupaka ngozi hairuhusiwi kabisa. Mtu ambaye piko ilimtoa malengelenge hapaswi kuanza na PPD ya 1% kwa siku mbili. Anzeni na 0.1% au chini ya hapo, au muda mfupi wa kubandika, someni, ndipo mpande ikihitajika. Alama ya PPD ikizuka kwa mara ya kwanza siku ya 10 hadi ya 14, kumbukeni kwamba bandiko lenyewe huenda ndilo lililompa mzio. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutorudia.

Yapo pia ya kuchanganya hina: limau, mkaratusi, mafuta ya karafuu. Karafuu ina eujenoli, moja ya vitu vinane vya mchanganyiko wa manukato I, kila kimoja 1%. Kwa mama huyu, ikiwa manukato yatajibu tena kwenye kipimo safi, bandikeni vile vinane kimoja kimoja. Huenda jibu limo kwenye chupa ya karafuu aliyonayo.

Vitu vya mfukoni: losheni na krimu za kubaki mwilini, bandika vilivyo. Shampuu na sabuni zimue kwa maji hadi 1%, vinginevyo utasoma sabuni, si mzio. Glavu kata kipande cha sentimita mbili kwa mbili, ilowane kidogo, bandika upande wa ndani. Ya mama huyu ifanyeni hivyo. Kitu cha majimaji usichokijua, gusisha karatasi ya pH. Chini ya 4 au juu ya 9 kisibandikwe. Saruji mbichi marufuku, inaunguza. Fundi wa saruji mpime kwa kromati ya 0.5%. Fundi wa boti za faiba mpime kwa resini ya epoksi ya 1%, usithubutu kubandika kigumishi chenyewe. Mafuta ya ganda la korosho wala msiyafikirie, yanatoa malengelenge kwa mtu yeyote na yanaweza kumwachia mzio wa maisha. Unga wa mvule wa mafundi wa milango vilevile, usibandikwe mkavu kama ulivyo.

Bandiko likiwa la shaka kwa kitu anachojipaka, kuna njia ya kukamilisha bila kikombe: apake krimu hiyo kwenye kiwiko upande wa ndani, eneo la sentimita tatu kwa tatu, asubuhi na jioni, siku 7 hadi 14, aache mara tu vipele vikitoka. Njia hii haifai kwa sabuni, wala kwa piko.

TabibuMkomani

Nimeandika kwenye faili: Machi haihesabiki. Aache piko na rangi za nywele zenye PPD, hereni za nikeli zitoke, glavu za mpira ziwekwe kando na avae za vinaili. Hina halisi aendelee, bila karafuu kwa sasa. Kurudia Septemba, ukurutu ukitulia: kromati, lanolini, manukato na kipande cha glavu yake, formaldehidi na MCI/MI kwa mikropipeti. Vikombe vijazwe asubuhi hiyohiyo.

Lililobaki: anasema hata akiwa na glavu ya vinaili, rangi hupenya?

Mfamasia_Mld

Glavu nyembamba ya vinaili PPD huipita ikikaa muda mrefu. Avae mbili, abadilishe kila kichwa, asizifue na kuzitumia tena. Lakini kwa mzio wa ++ wenye malengelenge, ushauri wangu ni mwenzake ndiye ashike rangi, yeye ashike hina.

NgoziNaMzio_Malindi

Naafiki. Na kichwa kilichotiwa rangi karibuni asikisuke kwa mikono mitupu mpaka kioshwe vizuri mara kadhaa.